Chupa ya Siku ya Posho

Kuku zangu hazikupona kwa maombi. Ninaanza na hilo juu najua, ukifika mutaa wetu wa Mapendo na kuuliza nyumba ya Léoncie wa kuku, mutu wa kwanza atakuonyesha njia na wa pili atakusimulia habari ya maombi. Usimusikilize huyo wa pili. Ni mimi mwenyewe niliyemufundisha kusema hivyo.

Zamani nilifuga kwa kujifurahisha tu. Jogoo moja na mitetea sita, kila moja na jina lake, na bwana yangu alikuwa ananicheka kwamba ninazungumza na kuku kuliko ninavyozungumza naye. Sasa yeye yuko Kisangani kwa kazi ya ujenzi, anatuma salamu kuliko anavyotuma makuta ya kununua chakula, na mimi nimebaki na watoto wawili na kuku. Bon. Mutu anazungumza na anayemujibu. Kisha vifaranga vikakua, nikaanza kuuzia majirani mayai, halafu duka la pembeni, na kidogo kidogo nikaona ule muchezo unalipa masomo ya watoto.

Hapa kwetu nyumba zimejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, yenye kukata kandambili, na huwezi kupanda hata lengalenga, ile mboga ya mchicha. Kuku ndiyo shamba letu. Kwenye avenue yetu tulikuwa wanawake watano wenye kufuga, kila mumoja ndani ya lupango lake, ua wa nyumba yake, na wa karibu nami kuliko wote alikuwa Dative. Mulango wake unaangalia wangu. Ananiita yaya, dada mukubwa, juu nimemupita miaka, na mitetea yake miwili ya kwanza ni mimi niliyemupa.

Adui yetu alikuwa mumoja, peste, ile wengine wanaita kideri. Ikiingia asubuhi, kuku inapinda shingo, inaharisha majimaji ya kijani, na nyuma ya siku tatu unafagia manyoya. Dawa ya kuiponya haiko, kuna chanjo tu. Na chanjo yenyewe haiuzwi kwa kuku moja wala kumi. Inakuja mu kachupa kamoja ka kuku mia, unga mukavu, na ukisha kuuchanganya na maji yake, haulali. Valentin, muganga wa nyama za kufuga anayetuletea, alikuwa anaturudilia kila mara: "Masaa mawili, bamama. Yakipita, munamwanga chini."

Ndiyo maana tulikuwa na siku ya chupa. Tulichagua siku ya posho, ile wenzetu wa upande wa Tanzania wanaita jumamosi, mapema, mbele jua halijapanda. Wanawake wanafika kwangu na kuku mu vikapu, mu mifuko iliyotobolewa ili kichwa kitoke. Mwenye kuku anashika, mimi ninavuta kope ya chini, ninaangusha tone moja, tunangoja kuku ipepese jicho, inapita, inakuja ingine. Walinichagua juu mukono wangu hautetemeki. Na tulikuwa na sheria moja tu: chupa inafunguliwa mbele ya macho ya wote.

Mwaka huu vita vilifunga njia, na kwa zaidi ya nusu mwaka hatukuona chanjo. Valentin akatafuta mupaka akapata moja. Akaniletea kazi tano, ndiyo ijumaa, siku moja mbele ya siku ya posho, ndani ya thermos yenye barafu.

"Muharakishe," akaniambia. "Nimesikia peste iko Majengo."

Majengo si mbali. Mimi wakati ule nilikuwa nimefika kuku makumi tano, na wiki ile ile mwenye hoteli moja ya Keshero alikuwa amekuja kuziangalia, ameshika yai, ameligeuza kwenye jua, ameniuliza kama ninaweza kumupatia kila wiki bila kukosa. Nilimuambia ndiyo mbele hajamaliza kuuliza. Sasa nikaona kuku zangu zimelala na shingo zimepinda, na mutu wa hoteli amesimama kwenye lango na vikapu vitupu. Nitasema yote: haikuwa woga tu, tamaa nayo ilikuwamo. Nilikaa nyuma ya jiko, nikachanganya dawa, nikaanza na kuku zangu. Nilijiambia, zangu kwanza, kisha ninafunga, ninarudisha mu barafu, kesho itakuwa baridi kama leo. Usiniulize kama nilijua. Nilijua.

Niko na mutetea kati ya magoti, kachupa mu mukono, Koko Munezero akatokea. Kwetu koko ni bibi, na huyu ni mama mukwe wa Dative, mama ya bwana yake Modeste. Vita vilimutoa Masisi mwaka uliopita, nyumba yake ikaungua, akafika hapa na kitenge kimoja na mazoea ya kuamka mbele ya kila mutu. Kuku za Dative ni yeye aliyekuwa anazifungulia na kuzimwagia mahindi. Siku ile alikuja kuomba kaa la moto.

Akaangalia kachupa. "Si tuliambiwa ni kesho?"

"Ni dawa ya macho tu, koko. Hii moja inatoa machozi."

Akaangalia zile zingine zilizokuwa zinangoja mu kikapu. Nikamupa kaa kubwa kuliko aliloomba, akaenda zake.

Asubuhi yake wakafika. Dative alikuwa wa kwanza, na kuku makumi mbili na tatu, amezifunga miguu mbili mbili na kamba nyekundu, amefurahi kama mutu anayepeleka watoto ubatizo. Nilikuwa nimerudisha kifuniko cha chupa vizuri, nimekipangusa. Nikasimama mbele ya wote, kachupa kamefichwa mu kiganja ili wasione kwamba unga haumo tena, nikakikunja tena kifuniko kikalia kidogo, wakaamini. Ningeweza kusema chupa ilivunjika. Ningeweza kusema tuchange ingine, na Valentin angetafuta. Lakini ningepaswa kueleza, na wanawake wale walikuwa wameweka kila mumoja sehemu yake kwa kitu nilichotumia peke yangu. Haya ilinizidi, na haya ikaniponza kuliko tamaa. Nikavuta kope, nikaangusha tone, kuku moja nyuma ya ingine. Mukono haukutetemeka. Dative alikuwa ananishikia mwenyewe, anaongea na kila kuku, "tulia, mama yako mukubwa hakuumizi."

Nyuma ya wiki tatu peste ikapanda kwetu. Ilianza kwa Dative. Siku ya kwanza mbili, siku ya pili saba, na siku ya nne Modeste alizichoma zote nyuma ya lupango, na moshi wake ukaingia mu jiko langu na mu nguo nilizoanika. Kisha wale wanawake wengine watatu, nyumba kwa nyumba. Kwangu kuku zilikula, zikalala, zikataga. Nilikuwa naingia mu kibanda kila asubuhi nikitafuta hata moja iliyokufa, ili niweze kulia na wenzangu. Haikupatikana.

Dative akaja kukaa kwenye jiko langu, mikono juu ya magoti.

"Yaya, nielezee. Chupa ilikuwa moja. Siku moja. Mukono mumoja, mukono wako. Juu ya nini zangu zikufe na zako zibaki?"

Maneno yalikuwa manne tu: nilifungua chupa kazi tano. Mutoto wa miaka mitatu angeyasema. Mimi nikatafuta methali, juu methali haina mwenyewe, ukiitupa hakuna atakayekuuliza umeitoa wapi.

"Dative, mudogo wangu, kinachokuuma kiko mu nguo yako."

Sikutaja mutu. Hata leo roho yangu inaniletea utetezi huo, kwamba sikutaja mutu, na mimi ninaifukuza. Nyumbani kwa Dative kulikuwa nani? Bwana yake, anayeshinda barabarani akiuza kadi za simu. Watoto wadogo. Na mwanamuke muzee aliyetoka mbali, anayeamka gizani, anayegusa kuku mbele ya wote. Nilijua Dative ataangalia nguo gani. Na yule ndiye aliyeniona. Kwa hiyo usinihurumie haraka.

Dative akageuza uso upande wa nyumba yake. Akasema polepole, "Hata kule Masisi, kuku zake zilikufaga zote." Nikakoroga sombe yangu, mboga ya majani ya mihogo. Hiyo ndiyo kazi nzuri niliyofanya siku ile.

Peste ikapita, na mimi nikatajirika. Nisicheke na neno hilo: sikununua gari. Lakini fikiria, avenue nzima haina kuku, mitaa ya jirani haina kuku, na kwa Léoncie jogoo zinawika. Mwenye hoteli ya Keshero akaja, akaleta mwenzake. Wenye harusi wakaja. Wale wanawake watatu wakaja kununua vifaranga vya kuanza upya, kwangu, kuku za mutu aliyewaulia zao, na wakanishukuru kwamba ninawapunguzia. Nikajenga kibanda kipya cha mbao, na mabati mapya. Watu wakasema Léoncie ana akili ya biashara. Wengine wakasema, hapana, Léoncie ana Mungu.

Hao wa pili ndio walioniletea shida. Kwetu, mutu akipata baraka hatakiwi kuifunga mu nyumba. Anasimama kanisani, anatoa ushuhuda, anabeba matoleo. Mama wa chama cha wamama alinikumbusha mara tatu, na mara ya tatu aliniuliza kama ninamuonea Mungu haya. Basi nikavaa kitenge kipya. Nikabeba plato mbili za mayai na jogoo kubwa. Nikasimama mbele, nikasema mauti ilipita kwenye avenue yetu, ikagusa kila mulango, ila kwangu Bwana aliweka ukuta. Watu wakapiga makofi. Mama mumoja akaanza wimbo. Dative alikuwa kwenye benchi ya tatu anaimba pamoja nao, na pembeni yake Koko Munezero hakuimba, ananiangalia mimi, bila chuki, vile mutu anavyomuangalia muuzaji anayepima vibaya.

Siku ile nilifikiri ni mimi tu ninayepotea. Kumbe ushuhuda wangu ulikuwa unapanga mawe juu ya mutu mwingine. Kama Mungu ndiye aliyelinda kwangu, basi kwa Dative kulikuwa na kitu kilichomuzuia kuingia. Dative na Modeste wakaenda kwa mama mumoja wa kikundi cha maombi, naye akafunga macho akasema adui yuko ndani, anakula mezani. Hakuhitaji ufunuo, maskini. Walikuwa wamekwisha kumutajia jibu.

Nikaanza kuona mambo. Koko hafungui tena mulango asubuhi. Koko anakula kwenye sahani yake, kando, nje. Watoto wakiitwa naye, wanaangalia kwanza uso wa mama yao. Nikaanza kumutumia mayai, manne, matano, kila siku ya pili. Alikuwa anayapokea kwa mikono miwili na kusema asante, na mimi ninarudi nyumbani haraka.

Ikafika miezi mine. Wanasema njia ya muongo ni fupi; yangu ilikuwa ndefu na tambarare, na pembeni yake watu wananisalimu.

Siku moja ya kazi mbili, ndiyo jumanne, ninachanganya chakula cha kuku, dagaa na pumba za mahindi, Dative akaingia, akachuchumaa kunisaidia bila kuombwa. Akaniambia, kwa sauti ya mutu anayesema habari ya mvua:

"Siku ya posho tunamurudisha mama Masisi. Modeste amekubali. Kuna camion, lori la mizigo, inayoenda mupaka Sake, kule atatafuta njia."

"Atafika kwa nani? Nyumba iliungua."

"Ana jamaa."

"Jamaa gani, Dative? Wote wako mu kambi. Kule watu bado wanapigana."

"Yaya, weye kuku zako zilibaki. Huwezi kuelewa."

Nikasema kile nilichokuwa nimekifikiria usiku mingi. Nikamuambia nitamupa mitetea kumi na jogoo, bure, aanze tena, si deni. Niliona hiyo itamaliza kila kitu. Atakuwa na kuku, atasahau, muzee atabaki, na kinywa changu kitabaki kimefungwa.

Dative akanishika mukono na pumba zake. "Mungu akubariki. Lakini nitaziweka fasi gani, na yeye yuko mu nyumba? Aende kwanza. Kisha nitakuja kuzichukua."

Siku tatu zilizofuata sikulala na sikufanya kazi ya maana. Nilivunja mayai, niligombeza watoto, niligombana na muuza makala ya kupikia juu ya gunia lisilokuwa na kosa. Muzee wa watu akifa njiani Masisi, nani amemuua? Peste? Nilijibu hilo swali mara nyingi kila siku, na kila mara jibu lilikuwa na jina langu.

Siku ya posho asubuhi nikavuka njia. Nilikuta wote watatu sebuleni. Koko amekaa karibu na mulango, amevaa viatu, mufuko wa mchele wenye vitu vyake, uliofungwa na kamba, uko miguuni. Modeste anaangalia simu yake ili asiangalie mama yake. Dative alikuwa anamufungia mihogo ya safari, na hiyo ilinichoma: anamufukuza, na anamupatia mihogo.

Nikasimama. Nikasema bila kusalimia:

"Nilifungua chupa kazi tano. Nilichanja kuku zangu peke yao. Asubuhi yake niliwapatia nyinyi maji. Dawa ilikuwa imekwisha kufa. Huyu muzee hana kosa."

Kisha Modeste akatikisa kichwa, na, ninakuapia, akatabasamu kwa heshima.

"Mama Léoncie, roho yako ni nzuri sana. Lakini usijichafue juu yetu."

"Sijichafui. Ninasema kilichofanyika."

"Yaya," Dative akasema, na machozi yamemujaa, "wewe uliyetupa kuku za kwanza. Wewe unayemulisha mayai hata sasa. Unataka kubeba dhambi ili yeye asiende. Watu kama wewe hawako."

Hapo hasira ikanipanda. Nimekuja kujivua nguo mbele ya watu, na wao wananivalisha joho. Nikapiga kelele kwamba mimi ni muongo, kwamba ushuhuda wote ulikuwa uongo, na kila nilivyojitukana ndivyo walivyozidi kunihurumia. Dative akaenda kuniletea maji ya kunywa. Jina zuri nililojijengea lilikuwa limesimama mulangoni, linakatalia ukweli kuingia.

Nikatoa simu, nikamupigia Valentin, nikaweka sauti kubwa.

"Valentin, ile chupa ya mwisho, uliniletea siku gani?"

"Eh, mama, ile? Kazi tano. Si uliniita jioni ile ile, ukaniuliza kama inaweza kulala mu barafu ikisha kuchanganywa?"

"Ulinijibu nini?"

"Nilikujibu ni maji ya bure, umwange. Na ulisema umemwanga." Kisha akauliza: "Mama, hukumwanga?"

Nikakata simu. Modeste alikaa chini. Dative alikuwa amesimama na kikombe cha maji, hakujua akiweke wapi.

Koko Munezero ndiye aliyesema kwanza, na hakuongea nami. Aliongea na mwana wake.

"Niliwaambia. Siku mulipoanza kuniita mulozi, niliwaambia nilimuona Léoncie na chupa siku moja mbele ya siku ya chupa. Mukasema ni wivu. Mukasema ulozi wangu unatafuta mutu wa kuangukia." Akavuta kitenge begani polepole. "Dative, siku ile ndiyo ulinipiga."

Hilo sikulijua. Nilimuangalia Dative, na Dative aliangalia mukono wake mwenyewe. Kikombe kikaanguka. Akapiga magoti kwenye yale maji, akashika miguu ya muzee, akasema mama unisamehe, mama nimekosa, na Modeste akageukia ukuta. Nilikuwa nimefikiri nikisema mzigo utanitoka. Sikujua kwamba ninawaletea wao wa kwao.

Muzee akamuacha alie. Akaweka mukono juu ya kichwa cha Dative muda kidogo, akautoa.

"Nimesikia," akasema. "Lakini sitalala tena mu nyumba hii. Mutoto akiumwa, mutaniangalia mimi. Mbuzi ikipotea, mutaniangalia mimi. Nimekula nje miezi mine."

"Utaenda wapi, mama?" Modeste akauliza.

"Kwa Léoncie." Akanyosha kidole kwangu bila kuniangalia. "Huyu alinidhulumu. Ni mwizi na ni muongo. Lakini hajaniita mulozi hata siku moja."

Dative akainua uso. Aliniangalia moja kwa moja, na macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua anakumbuka jiko langu, sombe yangu, na methali yangu. Angeweza kusema. Neno moja tu lingemutosha, na lawama nusu ingemutoka. Hakusema. Aliniachia mimi.

Na mimi, mbele yao, nikajibu: "Karibu, koko."

Nikabeba mufuko wake. Ulikuwa mwepesi mupaka nikaona haya. Tukatoka, yeye mbele na mimi nyuma, na jirani mumoja akatusalimu, akasema, mama Léoncie na moyo wake, angalia anavyomusaidia muzee. Nikatembea hatua chache na sifa hiyo kichwani. Katikati ya njia nikasimama.

"Koko, ngoja. Kuna kingine."

Akasimama.

"Dative alikuja kuniuliza nani ameua kuku zake. Nikamuambia kinachokuuma kiko mu nguo yako. Nilijua atakuangalia wewe. Na ulikuwa umeniona na chupa. Ile habari ya mulozi, ilitoka kwangu kwanza."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitemee mate, pale, mbele ya avenue nzima, ili yule jirani aone. Alinitazama tu, na uso wake ukachoka mbele yangu. Kisha akanyosha mukono, akachukua mufuko wake kwangu, akauinua mwenyewe juu ya kichwa.

Aligeuka akaangalia mulango wa Dative. Aligeuka tena akaangalia upande wa barabara kubwa, kule camion za Sake zinakopakia watu. Mwishoni akaanza kutembea kuelekea kwangu, polepole, juu hakukuwa na fasi ingine. Nikamufuata na mikono mitupu. Alipofika kwenye lango langu alisimama kando kidogo, kama mugeni, akingoja mwenye nyumba afungue.

Nikafungua.